Majani Niliyoshika Pale Banioni

Oldonyo Sambu, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba pia shikamoo, msomee hapo hapo alipokaa asije akasema nimemsahau. Umeamkaje, mama? Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Na ule mgomba ulioegemea paa la jiko, mmeukata au bado mnauonea huruma? Sisi huku tu wazima. Mimi mzima, baba Tusekile mzima, mama mkwe mzima na sauti yake nzima. Mjukuu wako, somo yako, anakula vizuri na anakimbia, na anachanganya Kiswahili na Kimaasai mpaka mimi mwenyewe namuuliza amesema nini. Neno la Kinyakyusa analijua moja tu, "ndaga", na hiyo asante anawaambia hata mbuzi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Uliponipigia mwezi uliopita ukaniuliza, "Sasa mtoto unamleta, humleti?" nilikaa kimya mpaka salio lako likaisha. Ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, mama. Dada mmoja tunayeimba naye kwaya anasafiri kwenda Mbeya kwa mumewe, atafika mpaka Tukuyu aiache barua hii dukani kwa mjomba. Akikusomea mdogo wangu Lusajo, mwambie asiruke mistari. Namjua.

Ulisema Lusajo atakuja wakishavuna maharage, amchukue Tusekile akae kwako mpaka afike umri wa shule, kwa sababu ya haya maji ya huku. Nilikwambia vipande vipande tu, sasa nakueleza yote, na jibu langu utaliona.

Unajua tulianzia Lemara, mjini, chumba kimoja, bomba la mwenye nyumba. Baba mkwe alipofariki tukahamia huku kwao, nyuma ya mlima. Mlima Meru una mbele na una nyuma, mama. Mbele ndiko mvua inakoshukia, kuna migomba na kahawa, ndiko waliko Wameru. Niliwahi kwenda huko harusini, nikashika jani la mgomba nikasimama nalo, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, nasalimia. Huku nyuma wingu linafika juu ya msitu, linatuangalia, kisha linaondoka. Mkwe wangu anasema zamani lilikuwa likishuka hata huku, na watu walijua wiki ya kupanda mahindi bila kuuliza. Siku hizi tunapanda, yanaota, yanakauka, tunapanda tena. Na mvua ikiamua kuja inakuja yote kwa mchana mmoja, inabeba udongo na mawe, halafu basi.

Mwaka huu ilipiga hivyo alasiri moja, mabati yakalia kwa nguvu. Tusekile akakimbia akajificha kwenye sketi yangu, analia, ananiambia "Mama, wanatupiga." Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka sisi tulivyokuwa tunalala siku tatu mvua haijakatika, tukiichoka, ukituambia nyamazeni msikilize. Mjukuu wako ana miaka mitatu na mvua anaiogopa. Hapo kicheko kikaniisha.

Sasa maji yenyewe. Huku tuna maji ya aina mbili. Juu kwenye ukingo wa msitu kuna chemchemi, maji yake mepesi, matamu, ukiyanywa unasahau kidogo kwamba uko mbali. Chini tambarare kuna kisima kirefu cha mashine ya sola, kilichimbwa ukame ulipozidi. Siku kilipofunguliwa tuliimba, mimi nilikuwa mstari wa mbele. Maji tele, ng'ombe wakanywa wakashiba, hakuna tena kuamka na punda alfajiri. Lakini chai ukiipika kwa maji yale inakuwa nyeusi kama dawa, na maharage yanaiva haraka hata hujamaliza kuchambua mchicha. Mimi nikasema, jamani, maji ya ajabu, yanaokoa kuni! Nikampikia mwanangu uji kwa maji hayo miezi mingi, mama. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Ndipo nesi wa zahanati akatukusanya kina mama. Akasema ardhi ya mlima huu ina madini ya floraidi, na ukichimba chini sana unayakuta mengi. Ndiyo yanafanya watu wa huku wawe na meno ya kahawia, yale ambayo ukikaa na mtu kwenye basi mahali popote Tanzania akicheka tu unajua ametoka Arusha. Mimi nilidhani ni meno tu. Akasema si meno tu, kwa watoto wadogo madini yanaingia kwenye mifupa, miguu inapinda. Na kweli mtoto wa jirani yetu, anayekuja kucheza na Tusekile, miguu yake imepinda mpaka magoti hayakutani, na akichoka kidogo anakaa chini kuangalia wenzake. Nikamuuliza nesi, "Mbona wangu meno yake meupe?" Akasema, "Hayo ni ya utoto. Atakayozeeka nayo yamo ndani ya ufizi, ndiyo yanajengwa sasa hivi. Na mifupa hivyo hivyo."

Niliporudi nilimkagua mwanangu kama mtu anayenunua mbuzi. Nikamnyoosha miguu, nikaifunga pamoja, nikapima kwa vidole. Iko sawa, mama. Nimekuwa naipima kila Jumapili kabla ya kanisa, na mpaka leo iko sawa.

Basi nikaanza kwenda chemchemi kila alfajiri. Ndoo moja ya mtoto, ya kunywa na ya uji, haigusi mtu. Siku moja natoka shambani nakuta mkwe wangu ametupikia makande kwa maji yangu yale, ametupia donge la magadi ili yalainike. Nikamwambia, "Yeyo, nesi alisema magadi yana madini hayo hayo!" Yeyo ndiyo mama kwa lugha yao. Akaniangalia. "Mimi nimekula magadi tangu niko tumboni. Umewahi kuona mguu wangu umepinda?" Nikasema hapana. "Na meno yangu?" Nikageukia chungu. "Sema." Nikasema, "Ni ya kahawia, yeyo." Akajibu, "Na ndiyo yanajulisha nimetoka wapi. Haya meno meupe yenu, mtu anatabasamu, hujui kama ni mwizi au ni mwinjilisti." Nilicheka mpaka nikaangusha mwiko. Lakini toka siku ile magadi hatii. Analoweka mahindi jana yake, anajifanya ni yeye aliyebuni.

Mama, tatizo likawa chemchemi yenyewe. Mvua zilivyopungua nayo ikawa inakonda. Na chini yake kidogo, kabla ya pale tunapochotea, kuna banio, yale mawe na udongo wanayozuia nayo maji yaingie kwenye mfereji wa vitunguu. Mahindi yalipokuwa yanakufa, wanaume wakaona bora vitunguu, vinalipa, na wakaona kwa kuwa kisima kipo cha kunywa, basi chemchemi iwe ya shamba, kwa sababu ukimwagilia kwa maji ya kisima udongo unakuwa mweupe juu, unakakamaa. Ukiwasikiliza wana haki. Mmoja wao ni baba Tusekile. Shamba letu ni la tatu kwenye mfereji ule, na mwaka huu vitunguu ndivyo vilikuwa tumaini letu lote. Basi nikifika alfajiri nakuta maji yameshageuzwa, nachota kwa kikombe kwenye tope, na nusu ya ndoo ni udongo. Ndio wakati ule nilikwambia kwenye simu kwamba nitamleta mtoto. Nilikuwa nimeshindwa.

Siku ya kikao baba Tusekile aliniamsha akaniambia nikate majani ya ng'ombe, ana ndama, yeye anawahi kikaoni. Kikao kilikuwa pale pale banioni, wenye mashamba ya mfereji wapangiane zamu. Mimi nikawa nakata majani kando ya mfereji, nasikia sauti, si kwamba nilialikwa. Kina mama watatu walikuwa wamekaa na ndoo zao pembeni, na mkwe wangu mmojawapo. Wanazungumza Kimaasai, naelewa nusu. Lakini niliposikia wanasema banio liinuliwe zaidi, maji yote yaingie mferejini, hiyo niliielewa yote.

Mama, sijui nini kilinisimamisha. Unanijua mimi, hata kwenye kipaimara nilisahau jina langu. Nikaenda. Nikaweka mundu chini kwa adabu, maana sikutaka kusema na wazee nimeshika chuma. Mzigo nao nikautua. Nikasimama.

Mmoja wa wale wa vitunguu, mtani wangu, akasema, "Mama Mbeya amekuja! Leo umetuletea mvua ya kwenu kwenye debe?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Kwao inanyesha mpaka inachoka, huyu atajua nini shida ya maji." Baba Tusekile akaangalia chini.

Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Siombi maji ya kufulia. Siombi ya ng'ombe, wanywe ya kisima, wao mifupa imeshakomaa. Naomba ndoo moja kwa kila mtoto ambaye hajaanza shule. Ichotwe kwanza, ndipo mfereji ufunguliwe. Nyumba zenye watoto hao tunajuana, hazizidi vidole vya watu wachache hapa. Mkikataa sitagombana. Nitamrudisha mwanangu kwa mama yangu, nami nitabaki hapa na mume wangu bila mtoto, na wenzangu hawa ambao hawana mama Tukuyu sijui watawapeleka wapi wa kwao."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua kofia. Yule mtani wangu akatazama mkono wangu, akatazama pembeni. Mwenyekiti wa kitongoji akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mke wa mwenzetu, unaomba hivyo ulivyosimama?" Nikadhani ananiuliza kama nimemaliza. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Naomba hivi hivi."

Wakanong'onezana kidogo. Kisha akasema, "Umepewa."

Nikarudi kwenye mzigo wangu, nikaubeba. Kina mama wakanifuata, wananishika mgongo. Tulipofika mbali mkwe wangu akanivuta, akanifungua kiganja cha kushoto. Kulikuwa na majani, mama. Majani mabichi ya ng'ombe, konzi moja, na umande wake. Nilipoweka mzigo yalibaki mkononi sikuyasikia.

Akaniuliza, "Ulijua umeshika nini?"

"Majani ya ndama, yeyo."

Mama yangu, alicheka mpaka akaketi njiani, kanga ikamtoka. Alipopata pumzi ndipo akanieleza. Kwao, mtu akisimama kuomba huku ameshika majani mabichi, si ombi la kawaida tena. Ni kama ameomba kwa Mungu mwenyewe mbele yenu. Hata watu wakipigana, mmoja aking'oa majani ardhini mwenzake anashusha fimbo. Wanawake wanayashika wakati wa ukame wakiomba mvua. Na mtu haamki tu akayashika, wanashauriana kwanza, wanakwenda wengi. Mimi mgeni nilisimama nayo peke yangu mbele ya wazee, tena na mume wangu akiwemo. Nikasema, "Yeyo, nirudi nikawaambie sikujua!" Akasema, "Ukirudi nitakupiga na ndoo hii. Kama hukujua wewe, Mungu alijua. Twende, ndama ana njaa."

Ile siku nyumbani haikuwa nzuri. Baba Tusekile alikula akiwa amenipa mgongo. Baadaye akasema, "Umenishikia majani mimi? Mumeo? Si ungeniambia humu ndani?" Nikajibu nilishamwambia humu ndani mara tatu. Akainuka akatoka nje, kwa sababu alijua ni kweli. Siku nne hakusema nami zaidi ya "chumvi iko wapi." Hiyo nayo ni njaa ya aina yake, mama, kukaa na mtu usisikie sauti yake, na kwenu ni mbali.

Siku ya tano nikashindwa. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimesahau majani mkononi, na kama anataka akawaambie wazee, akawaambie. Halafu akaanza kutikisika mabega. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutuma kuyakata," akasema. "Nimejishikia majani mwenyewe." Akacheka, nami nikacheka nikilia, Tusekile akaja kucheka asichokijua. Hakuwaambia wazee. Na wewe usimwambie mtu, na Lusajo ukisoma hapa ufunge mdomo.

Sasa hali ilivyo ni hivi. Mfereji unafunguliwa jua likigusa bati la shule, si kabla. Watoto wote wadogo wanapata ndoo yao, hata yule wa jirani. Ya kwake imechelewa, lakini nesi anasema kuchelewa si sawa na kukosa. Banio hawakuliinua. Kina mama tumezungusha miche ya miti, mringaringa na mikuyu, juu ya chemchemi, watu wa idara ya misitu ndio waliotupatia, ardhi ipate kivuli ishike maji. Ya kwanza mbuzi walikula yote, na mmojawapo alikuwa mbuzi wetu, aibu niliyoipata usiniulize. Tumepanda tena, safari hii wanaume wameweka uzio wa miiba, na yule mtani wangu ndiye aliyejichoma zaidi, nikamwambia huo ndio ushuru wa mvua ya Mbeya.

Sikufichi, gharama tumezilipa. Vitunguu vyetu vya chini vilikufa, karibu nusu. Baba Tusekile amepata kibarua Njiro, kwa fundi anayefunga mifereji ya mvua kwenye nyumba za geti, anaondoka Jumatatu anarudi Jumamosi. Anasema watu wa kule wanakinga maji ya mvua kumwagilia maua. Vipande vinavyobaki fundi anampa, naye analeta nyumbani kimoja kimoja, ameshafunga upande mmoja wa bati letu. Tunaomba tupate simtank la kukingia, hata la kuungaunga. Na mvua ikikataa kabisa, chemchemi nayo inaweza kukataa, hilo nalijua, sijidanganyi. Lakini sasa hivi maji yapo, na mtoto anayanywa.

Kwa hiyo, mama, naomba usimtume Lusajo.

Najua utakasirika kidogo. Najua umeshamtengea kitanda. Na ningeweza kuishia hapa, ukaelewa ni kwa ajili ya maji tu. Lakini wewe ni mama yangu, nikuambie lililobaki. Juzi nilifungua ule mfuko niliokuwa nimemfungia Tusekile tayari kwa safari, ili nirudishe nguo zake kabatini. Nikatoa gauni lake, sweta lake, viatu vya kanisani. Chini yake nikakuta kitenge changu. Nikakuta kandambili zangu, na chanuo, na kitabu changu cha nyimbo. Sikumbuki kuviweka, mama. Nilivifunga wakati ule nikijiambia nafunga vya mtoto.

Nilikaa kitandani navyo mapajani mpaka mkwe akaniita mara mbili. Kumbe aliyekuwa anataka kuja kwako si Tusekile. Yeye kwao ni hapa, na mbuzi wake, na yeyo wake, na mlima anaouona kila asubuhi akifungua mlango. Nilikuwa nataka kumtanguliza ili nipate sababu ya kumfuata, na nikishafika sijui kama ningerudi. Nimeviweka mahali pake kimoja kimoja. Nimebaki, mama. Nakukumbuka kila siku, lakini nimebaki.

Mpe baba mkono wangu, na mwambie asibebe tena mzigo wa majani ya chai peke yake, mgongo si wa chuma. Lusajo mdogo wangu mwambie nauli aliyoiandaa aongezee ya mtu mmoja, akulete wewe, maharage yakishatoka. Shangazi anayetushonea sare za kwaya, msalimie, na bibi jirani aliyenipokea nilipozaliwa, kama bado anasikia. Mkwe wangu anakusalimu sana. Anasema ukija atakupikia makande yasiyo na magadi, na usimcheke meno.

Tusekile ameshika kalamu hapa chini, huo mchoro ni wewe.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukukumbuka,
Atupele, mama Tusekile